Ndoano ya Nchi Kavu

Chini ya maji ya Kiambere kuna mto mwingine. Ni Tana ya zamani, iliyokuwa ikipita hapo kabla ya bwawa kukamilika mwaka 1988, na njia yake bado imelala sakafuni: kona zake, kingo zake za mawe, midomo ya vijito vya msimu vilivyouingia kutoka upande wa Mwingi. Ukisimama ufuoni huoni lolote kati ya hayo. Unaona maji mapana yenye rangi ya udongo, na ng'ambo yake nchi ya Mbeere. Lakini anayekuja na ndoano mwezi wa Julai akitaka kitoweo sharti ajue mto ule umelala wapi, kwa sababu samaki wanajua.

Nataka kuusifu uvuvi huu. Nasema uvuvi wa mshipi na ndoano, mtu mmoja na ufito wake, katika mahori ya kina kifupi ya mabwawa ya Tana yanayopakana na Kitui, na katika masilanga ya Makueni, wakati wa kipupwe ambapo wengi wamezichomeka ndoano zao kwenye makuti ya paa wakingoja joto lirudi. Hauna jina kubwa. Hauna tanga wala nyimbo za pwani, na wapo wenyeji wanaouona kuwa mchezo wa watoto waliotoroka kuchunga mbuzi. Mimi nauona kuwa elimu, tena elimu ya nchi kavu. Sijaona kazi nyingine huku kwetu inayomtaka mtu aijue ardhi kwa undani namna hii, na ardhi yenyewe haonyeshwi.

Nitangulize maji, maana Ukambani maji hayakuja bure. Kitui imekaa kati ya mito miwili mikubwa, Tana kaskazini na Athi magharibi, na katikati imejaa mito ya mchanga inayotiririka siku chache baada ya mvua kisha ikakauka: Tiva, Thua, Nzeeu. Makueni ina Kaiti na Thwake. Ziwa la asili la kuvulia hakuna. Maji yote makubwa yaliyosimama yamesimamishwa na watu. Kwenye Tana, Kindaruma ilianza kutoa umeme mwaka 1968, ikafuata Kamburu mwaka 1974, Gitaru mwaka 1978, Masinga mwaka 1981, na Kiambere ikafunga safu mwaka 1988. Masinga ikijaa huwa mita 1,056 juu ya usawa wa bahari. Kiambere, chini kabisa ya safu hiyo, ni mita 700. Tofauti hiyo mvuvi huisikia kwenye vidole vya miguu alfajiri.

Mbali na Tana kuna masilanga, yale mabwawa ya udongo yaliyotapakaa kila tarafa. Mengine yalichimbwa enzi za mkoloni, katika mpango wa serikali wa kuendeleza ardhi, ulioitwa ALDEV, ulioanza baada ya Vita Kuu ya Pili. Mengine yalichimbwa kwa mwethya, yaani kazi ya pamoja ya wanakijiji, akina mama wakiimba na kubeba udongo kwa karai. Mengine ni kazi ya tingatinga la juzi. Silanga jipya linaweza kumzamisha mtu. Baada ya misimu kadhaa ya mvua kubwa na mashamba yasiyo na matuta, maji yaleyale humfika kiunoni, na chini yake ni tope tupu lililokuwa rutuba ya mtu. Katika maji hayo ya kiunoni ndimo samaki wanamoishi, na ndimo sanaa ninayoisema ilimolelewa.

Sasa baridi. Kipupwe cha Ukambani hakina theluji. Huko Marekani wapo wavuvi wanaokwenda katikati ya majira ya baridi kwenye maziwa ya kina kifupi kumtafuta blakibasi, samaki wa mdomo mpana, wakisogeza chambo polepole kiasi cha kuchosha kwa kuwa samaki mwenyewe amepoa na hana mbio. Samaki huyohuyo aliletwa Naivasha mwishoni mwa miaka ya 1920 ili walowezi wapate burudani ya kuvua. Wavuvi hao wa ng'ambo wameandika vitabu vingi juu ya mahali samaki anapojificha maji yakipoa, na ukivisoma unakuta kwamba jambo wanalolihangaikia ni lilelile linalowahangaisha vijana wa Kiambere. Joto la samaki ni joto la maji aliyomo. Maji yakipungua digrii chache tu, tumbo lake hufanya kazi taratibu, njaa inakuja kwa kuchelewa, na hatua zake zinakuwa za kuhesabu.

Kwetu mabadiliko ni ya digrii hizo chache, lakini yanatosha. Kuanzia Juni hadi Agosti mawingu hukaa chini juu ya milima ya Mbooni na Kilungu, jua likichelewa mpaka karibu adhuhuri, na upepo wa kusini-mashariki hauachi kuvuma. Ngege, yaani tilapia, ambaye kwa asili ni mpenda joto, hupunguza kula kadiri maji yanavyosogea kuelekea digrii 20. Mtu asiyejua husema samaki wameisha, anafunga mshipi wake na kwenda zake. Anayejua huuliza swali moja: joto liko wapi saa hii?

Hapo ndipo kina kifupi kinapokuwa na faida na hasara. Maji machache hupoa upesi usiku na hupata joto upesi mchana. Maji ya kilindi hayageuki haraka. Kwa hiyo siku ya kipupwe ni safari kwa samaki. Alfajiri wamekusanyika katika ule mto wa zamani ulio chini ya bwawa, mahali ambapo usiku haukufika sana. Jua likipanda na kuanza kuingia kwenye tope jeusi na mawe ya mahori, nao huanza kupanda. Hawapandi ovyo. Hufuata makorongo, yaani vile vijito vilivyozama, mpaka kwenye maji ya magoti yaliyopata jua. Saa nne hadi saa tisa mchana wako huko. Jua likilegea wanarudi kwa njia ileile.

Mvuvi hodari hukaa njiani. Hakai kilindini, ambako hawali, wala hakimbilii ufuo wowote uliomvutia kwa kivuli. Hukaa pale korongo linapoachana na mto, akijua kwamba kila ngege wa hori lile atapita mbele yake mara mbili. Na kujua korongo liko wapi chini ya maji ya udongo ni jambo ambalo hakuna mtu awezaye kulijua kwa kutazama maji.

Kwa hiyo nani anajua? Wanajua waliolima pale. Bwawa la Kiambere lilipojaa lilifunika mashamba, maboma ya mbuzi, njia za kuteka maji na viwanja vya ngoma, na familia za pande zote mbili zikasogezwa juu. Waliosogezwa walikwenda na ramani kichwani. Miaka imepita, na mabibi na mababu wengi waliokuwa na ramani hiyo wameshaondoka, lakini ufuoni bado utasikia mahali majini pakiitwa kwa jina la mwenye boma: kwa fulani, kwa mama fulani, pale penye mbuyu, pale palipokuwa na kivuko. Niliwahi kumsikia mzee mmoja akimwelekeza kijana aliyekuwa ametupa mshipi mbali kwa nguvu zake zote.

"Usitupe huko, mwanangu. Huko palikuwa shamba la ndengu, pako sawa tupu, samaki akae afanye nini? Vuta, tupa hapa kwenye miguu yako. Hapa ndipo ng'ombe walikuwa wakishukia mtoni."

"Hapa karibu hivi, babu?"

"Hapa. Wamepachimba kwa kwato miaka mingi. Ni shimo."

Sikuwahi kusikia mafunzo bora ya uvuvi kuliko hayo. Mzee hakutaja samaki hata mara moja ila kwa swali. Alimfundisha kijana historia ya mahali, na samaki walikuja nyuma ya historia hiyo.

Ninasema ni elimu ya nchi kavu kwa sababu imetoka kwa watu waliozoea kusoma kilichofichwa. Mkamba anayeshuka kwenye mto wa mchanga wakati wa kiangazi hufukua mahali fulani, si popote. Anatazama ukingo, anatazama mwamba unaojitokeza ng'ambo na kukisia unapopita chini ya mchanga, anatazama mti gani umebaki kijani. Maarifa hayohayo ndiyo yaliyoongoza ujenzi wa mabwawa ya mchanga: tangu miaka ya 1990 shirika la SASOL pamoja na wanavijiji wamejenga mamia ya kuta katika mito ya Kitui, na kila ukuta umekaa juu ya mwamba ambao mtu alipaswa kuukisia kabla ya kuufikia. Watoto wa watu hao walipopata mabwawa, walibadilisha tu wanachokitafuta. Jicho likabaki lilelile.

Tuje kwenye vifaa, maana hapa ndipo ninapopenda kukaa.

Ufito mzuri ni wa mkole. Hukatwa ukiwa umenyooka, hukaushwa kivulini siku kadhaa huku umefungwa kwenye boriti usipinde, na ukikauka huinama bila kuvunjika na kurudi mahali pake. Mshipi ni nailoni, na kwa kipupwe huchaguliwa mwembamba, kwa maana maji ya Julai yameanza kutulia baada ya mafuriko ya masika na tope limeshuka; ngege anaona. Ndoano huhesabiwa kinyume: kadiri nambari inavyokuwa kubwa ndivyo ndoano inavyokuwa ndogo, na kwa mdomo wa ngege wa baridi hutafutwa nambari 10, 12, hata ndogo zaidi ikipatikana. Wenye haraka hununua kubwa, wakidhani ndoano kubwa huleta samaki mkubwa.

Chubwi hutengenezwa na kilichopo, nati ya baiskeli au kipande cha risasi. Nyakati za joto uzito si hoja, lakini kwa kipupwe chubwi zito ni kosa. Samaki aliyepoa akikivuta chambo akasikia uzito, hukitema papo hapo. Wavuvi ninaowaheshimu hutumia kipande kidogo kama punje ya mbaazi, kinachotosha tu kuusimamisha mshipi.

Na chelezo! Wengi hukata ndara iliyochakaa au gunzi la mahindi, na mwezi wa Februari vinafaa kabisa, kwa sababu ngege mwenye njaa huzamisha gunzi lolote. Julai ni habari nyingine. Julai mwenye akili hutumia mwiba wa nungunungu. Miiba hiyo huokotwa bure kwenye mashamba ya mihogo na viazi vitamu ambako mwenyewe hupita usiku kuharibu mali ya watu. Mwiba ni mwepesi, ndani yake una hewa, nje umepakwa nyeusi na nyeupe na maumbile yenyewe kiasi kwamba kila kidole cha mwiba kikipanda au kikishuka unakiona. Hufungwa kwa uzi sehemu ya chini, husimama wima majini, na hakuna kitu kitakachokigusa chambo bila mwiba kusema. Wavuvi wa Ulaya nao walitumia miiba ya nungunungu kwa kazi hiyohiyo kwa miaka mingi. Mikono iliyo mbali hivyo, isiyojuana, ikichagua kitu kimoja, najua kwamba kitu hicho ni sahihi.

Kuhusu chambo: nyungunyungu ni tabu kumpata wakati huu, ardhi ikiwa ngumu, lakini yupo pale maji ya kuoshea vyombo yanapomwagwa, chini ya migomba, kando ya birika la ng'ombe. Kipande chake kidogo kinatosha. Asiye naye hukanda unga wa ugali mpaka unate, anaufinyanga kwenye ncha ya ndoano. Kwa kambare watu huleta matumbo ya kuku, na wapo wanaoapa kwa kipande cha sabuni ya kufulia. Kambare hutafuta kwa sharubu na harufu, kwa hiyo sishangai.

Baada ya hapo ni mkono na jicho. Wakati wa joto ngege huchukua chambo na kukimbia, hata mtoto anaweza kumvua. Wakati wa kipupwe hakimbii. Hukisogelea chambo, hukivuta ndani kwa pumzi ya mdomo, husimama nacho. Kinachoonekana juu ni mwiba unaoinama kidogo tu. Au hauinami: ulikuwa ukisogea na upepo, sasa umeacha kusogea. Hiyo ndiyo yote. Mvuvi ana nafasi ya kuvuta pumzi moja, naye haruki wala hanyanyui ufito kwa pupa; hugeuza kifundo cha mkono tu, ndoano ikashika. Nimewatazama watu wakiliona lile ambalo sikuliona kabisa, macho yangu yakiwa kwenye mwiba uleule, na kila mara nimestahi.

Kuna jambo katika uvuvi huu ambalo kwangu linazidi ustadi. Ngege jike hulea mayai yake mdomoni, na vifaranga baada ya kuanguliwa huendelea kukimbilia humo. Muda wote huo hali, au anakula kidogo sana. Ndoano inapita mbele yake, na yeye anaiacha. Wavu haumwachi. Wavu humchukua na kinywa chake kilichojaa, akavutwa ufuoni, mayai yakamwagika mchangani. Katika silanga la maji ya kiunoni, ambamo samaki wote waliopo ndio mbegu ya mwaka ujao, tofauti hiyo ndiyo inayoamua silanga litabaki na samaki au litabaki na vyura. Ndoano humhitaji samaki akubali. Hakuna chombo kingine cha uvuvi ninachokijua chenye heshima hiyo.

Kwa hiyo nasema wazi kuhusu nyavu za uzi mmoja wa plastiki na zile za mbu zinazokokotwa usiku kwenye mahori: ni wizi. Sheria ya uvuvi ya Kenya imezikataza, na bado zinaingia. Hukokotwa zaidi wakati huuhuu wa kipupwe, kwa sababu samaki wamekusanyika katika korongo moja na aliyejua korongo hilo anaweza kulimaliza kwa usiku mmoja. Maarifa yaleyale ya mzee, yakitiwa mkononi mwa mwenye pupa. Kambare wa kilo kadhaa na ngege wa ukubwa wa kidole gumba hutupwa kwenye gunia moja. Nikiona hivyo hasira yangu haina adabu.

Kambare nampenda, naye anastahili aya yake. Ana kiungo juu ya matamvua kinachomwezesha kupumua hewa, ndiyo maana silanga likibaki dimbwi mwezi wa Septemba yeye bado yumo, na tope likikauka juu bado yumo chini, na mvua ikija anaweza kuonekana akijiburuta nyasini kwenda maji mengine. Wakati wa joto huja juu mara kwa mara kuvuta hewa, na mvuvi huhesabu yale maduara ili ajue wako wangapi. Kwa kipupwe haji mara nyingi, kwa sababu maji baridi hushika hewa zaidi naye mwenyewe anatumia kidogo. Silanga linaonekana tupu. Subira inahitajika, macho kwenye sehemu moja, mpaka duara moja lifunguke.

Watu wamekuwa wakimsubiri samaki huyu kwa muda mrefu kuliko kumbukumbu yoyote. Kule Katanda, kando ya mto Semliki mashariki mwa Kongo, wachimbuzi walipata ncha za mifupa zilizochongwa meno ya kunasa, umri wake ukikadiriwa kuwa miaka 90,000 hivi, na pamoja nazo mifupa ya kambare wakubwa. Ndoano za kale zaidi zinazojulikana, zilizochongwa kwa magamba ya konokono katika pango moja la Okinawa, Japani, zina miaka 23,000. Nikikumbuka hesabu hizo, kijana aliyekaa ufuoni Kiambere na ufito wake simwoni tena kuwa mtoro.

Wapo pia wageni. Kapu, yule samaki mnene mwenye sharubu fupi pembeni mwa mdomo, asili yake ni Asia na Ulaya, na alifugwa kwenye vituo vya samaki vya bonde la Tana la juu, kikiwemo cha Sagana kilichoanzishwa mwaka 1948. Leo yuko katika mabwawa yote makubwa. Yeye baridi haimsumbui, ni mwenyeji wake. Asubuhi ya Julai, wakati ngege bado wamelala mtoni, kapu yuko hori la tope akichimba na kupandisha mapovu. Mvuvi aliyefika mapema kabla jua halijafanya kazi hutafuta mapovu hayo, anatega kwa kibonge cha ugali chini kabisa. Wanaomchukia wanasema anachafua maji, na ni kweli anachafua. Lakini asubuhi ya baridi tumbo la familia halimuulizi alikotoka.

Na mara chache sana, mkunga. Wazee wanasema zamani alikuwa wa kawaida. Mikunga wa mito yetu huzaliwa baharini, mbali, upande wa Madagaska, huja wakiwa wembamba na kupanda mito, hukaa bara miaka mingi, kisha hushuka tena wakiwa wamekomaa kwenda kuzaa na kufa. Kuta tano za Tana zimesimama katikati ya safari hiyo. Anayempata mkunga katika bwawa leo ameshika mnyama ambaye labda hawezi kurudi kwao. Sijui la kufanya na jambo hilo ila kulisema.

Makueni upande wa kusini inabadilisha kanuni zote hizi. Maji ya mvua yanayozama katika vilima vya Chyulu hutokea tena chini kwa chemchemi: Umani katika msitu wa Kibwezi, Makindu, na nyinginezo. Maji ya chemchemi hutoka na joto lake la ardhini, halibadiliki sana Januari wala Julai. Mchana wa jua kali unayaona ya baridi. Alfajiri ya kipupwe unatia mkono na kuyakuta ya vuguvugu. Kwa hiyo mtoni, nje ya msitu uliohifadhiwa, mvuvi wa Kibwezi hafuati jua. Yeye hufuata chemchemi, anapanda mto akigusa maji kwa mkono mpaka mkono wenyewe umwambie asimame. Mvuvi wa Kiambere angeiona kazi hiyo rahisi mno. Mimi nadhani kuutumia mkono badala ya macho si rahisi hata kidogo.

Hatari zipo na nitazitaja bila kuzipamba. Kiambere na Masinga zina mamba na viboko. Kina kifupi chenye jua ndicho anachokitaka mamba pia, kwa sababu ileile ya ngege: naye ni wa damu baridi, naye anatafuta joto saa nne asubuhi. Mvuvi wa kipupwe na mamba hulenga ufuo mmoja. Ndiyo maana ufito ni mrefu, na ndiyo maana watu wazima hawakai na miguu majini, na mtoto akifanya hivyo huvutwa sikio.

Upepo nao una somo lake. Kila mtu angependa kukaa upande uliokingwa, aupe mgongo ule upepo wa kusini-mashariki unaouma masikio. Lakini upepo husukuma maji ya juu, yaliyopata jua, kuyapeleka ufuo wa kaskazini-magharibi, na baada ya adhuhuri joto lote la silanga limerundikana huko, na wadudu walioanguka majini pia. Ni lazima ukae ukiupokea upepo usoni. Ndoano huwekwa shubiri moja tu chini ya mwiba, kwa kuwa maji ya udongo hushika joto juu na hayaruhusu lishuke. Watu waliojikunja kwa baridi, kofia za sufu zimeshuka mpaka nyusi, makoti ya mitumba yamefungwa hadi kidevuni, wakitazama miiba midogo ikitikisika kwenye mawimbi upande mbaya wa silanga: ukiwaona, jua kwamba hao wanaijua kazi.

Wazee wengi wa Ukambani hawakulelewa kula samaki, na bado zipo nyumba ambazo chungu cha samaki hupikwa nje. Vizazi vimebadilika. Sokoni Mwingi ngege wa kukaanga anauzwa kando ya ndengu na mbuzi, na mtoto wa shule haoni ajabu. Maji ya Kiambere yenyewe husukumwa kwa mabomba kuwafikia watu wa Mwingi. Wanakunywa bwawa, wanakula bwawa. Kilichobaki ni kujua kwamba bwawa lina sakafu.

Ndiyo sababu macho yangu yako Thwake. Pale mto Thwake unapoingia Athi, mpakani mwa Makueni na Kitui, ujenzi wa bwawa la kimo cha mita 80 ulianza mwaka 2018, nalo limekusudiwa kubeba maji mita za ujazo milioni 688 kwa matumizi ya nyumbani, umwagiliaji na umeme, mengine yakipelekwa hadi mji wa Konza. Athi hubeba uchafu wa Nairobi, na hilo lisipotibiwa huko juu hakuna ndoano itakayosaidia. Ngege wa Thwake watakuwa salama kuliwa kwa kadiri Nairobi itakavyokuwa na haya. Hiyo ni kazi ya wenye mamlaka na wanajua. Lakini iko kazi nyingine, ambayo haigharimu chochote na haingoji zabuni. Bonde lile lina makorongo, visima vya mchanga, vivuko vya ng'ombe, miamba, mashina ya migunga, maboma yaliyohamwa. Maji yakishapanda hakuna atakayeyaona tena. Anayetaka mjukuu wake ale samaki Julai basi amchukue mtoto sasa, amtembeze bonde lote kwa miguu kutoka ukuta hadi mwisho wa alama za maji, amwonyeshe korongo moja moja na kulitaja jina, na mtoto aandike kwenye daftari la shule: kivuko hiki ni cha kwa nani, mwamba huu umeinamia wapi, hapa kina cha shimo ni urefu wa watu wangapi.